Nguzo ya Nane

Ligi ikiwa inachezwa, sisi mashabiki hatugombani sana; tunapiga kelele uwanjani, tunarudi nyumbani bila sauti, basi. Vita vyenyewe huanza ligi ikiisha, wachezaji wakiwa likizo na viongozi wakiwa sokoni. Hapo ndipo utamkuta mtu mzima, baba wa watoto wanne, kanyolewa nusu kichwa, kasimama na shuka shingoni anamnyooshea mwenzake kidole kwa sababu ya beki wa kushoto. Na vita hivyo hupiganwa kwenye duka la kunyolea la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mnene anayependa kucheka kuliko kunyoa.

Jumatano ile nilikuwa kitini mimi. Shemeji alishika mashine mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto, anasoma habari huku ananinyoa, nami nimeshamwambia mara mia kwamba sikio halioti tena.

"Kisu wamemuuza!" alipaza sauti. "Jamani, Kisu wamemuuza kweli!"

Kisu alikuwa mshambuliaji wetu. Mabao kumi na tisa msimu mmoja, na huyo ndiye wanayemuuza. Kipa mkataba wake ulikwisha, kaondoka bila hata kwaheri. Badala yao tumeletewa beki mmoja wa kati, mrefu kama nguzo ya simu, ambaye goti lake limeshapasuliwa mara mbili.

"Beki gani huyo, akiinama hainuki?" mtu mmoja kwenye benchi akauliza.

"Atakaa golini kama pazia," Shemeji akajibu, na duka zima likaangua kicheko.

Ambaye hakucheka ni Mwalimu. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, lakini hajastaafu kutufundisha sisi. Ndiye kiongozi wa tawi letu, na akinyanyua mkono hata Shemeji huzima mashine. Akanyanyua mkono.

"Wachezaji huja na kwenda," alisema. "Mimi linaloniuma ni uwanja. Mwenyekiti wa klabu anataka kuuvunja uwanja wetu, auze kiwanja, atuhamishie kule nyuma ya machimbo ya kokoto. Mnajua sababu aliyotoa? Wahandisi wake wameandika kwamba jukwaa la mashariki limeoza. Eti halifai kukaliwa na watu."

"Uongo!" walijibu wote kwa pamoja.

"Uongo mtupu," Shemeji akadakia, akanigonga bega kwa mashine. "Aliyelichomelea si huyu hapa? Fundi Cheche! Waambie, shemeji. Lile jukwaa linabeba au halibebi?"

Wote wakanigeukia. Kwenye kioo nilijiona nina shuka shingoni na kichwa nusu, na nyuma yangu nyuso tisa zinasubiri.

"Linabeba," nilisema.

Duka likalipuka kwa makofi. Nami nilipokaa pale, nywele zikinidondokea mapajani, nilikuwa nimeshika mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino.

Hebu niseme ukweli kabla sijaendelea, maana sipendi watu wa kuzungukazunguka. Jukwaa la mashariki limesimama juu ya nguzo nane za chuma. Mwaka jana, wiki ya mechi na watani wetu, tawi liliniomba nizikague na kuzichomelea, kwa kuwa klabu ilisema haina fundi. Nilifanya nguzo saba kama inavyotakiwa. Nilikwangua kutu, nilikata palipoliwa, nikaweka chuma kipya, nikachomea mpaka macho yakanitoka machozi. Ya nane ni ile ya kona, nyuma ya vyoo, inapochuruzika maji mwaka mzima. Hiyo niliigonga kwa nyundo mara moja tu, na nyundo ikaingia ndani.

Nguzo ya namna hiyo haichomelewi. Inataka jeki, iinuliwe, ikatwe, iwekwe nyingine. Kazi ya siku mbili na watu wanne. Mimi nilikuwa peke yangu, saa kumi jioni, na mechi ni kesho yake. Nikafanya nini? Nikaifunika kwa bati, nikapaka puti, ile ya mafundi wa kunyoosha magari, nikapiga rangi ya bluu ikang'aa kuliko zote. Nikajiambia Jumatatu nitarudi na jeki.

Siku ya mechi tukashinda. Wakanibeba juu mabegani, jamani, mimi mchomelea mageti, wakaimba jina langu kuzunguka uwanja. Jumatatu sikurudi. Jumatatu iliyofuata nilikuwa na kazi ya watu, na iliyofuata nayo hivyo hivyo, halafu nikajisahaulisha. Na msinitajie ile methali ya ufa na ukuta, naijua tangu darasa la pili.

Nilikuwa bado nafutwa nywele shingoni Mwalimu alipotoa mpango wake. Jumamosi klabu inawatambulisha wachezaji wapya uwanjani. Wataturuhusu jukwaa la magharibi tu, la mashariki wamelizungushia kamba.

"Kamba tutaikata," alisema Mwalimu. "Tutalijaza jukwaa letu, watu elfu na zaidi, na tutapiga Mtikiso mbele ya Mwenyekiti, mbele ya wahandisi wake na waandishi wa habari. Likisimama, wataongea nini tena?"

Wasiotujua niwaeleze. Timu yetu ina ngoma moja kubwa, na ngoma ndiyo inayotuongoza. Ikipigwa mara moja tu, pigo moja, kila mtu hufunga mdomo na kusimama alipo bila kutikisika. Ndivyo tunavyosubiri penalti. Ikipigwa mara tatu mfululizo, huo ni Mtikiso: jukwaa zima linaruka kwa pamoja na kutua kwa pamoja. Wageni wakisikia kishindo kile hupiga ishara za kuomba Mungu.

Mpigaji wa ngoma ile ni binti yangu. Ana miaka ishirini na moja, anauza kwenye duka la dawa, na watu wanamwita Radi. Na mahali pa ngoma, tangu enzi za babu zetu, ni kona ya juu, nyuma ya vyoo. Juu ya nguzo ya nane.

Usiku ule nililala macho wazi. Alhamisi nilichomea dirisha la mteja kinyumenyume, nikamfokea mteja mwenyewe. Ijumaa asubuhi nikashindwa kuvumilia, nikabeba mkoba wangu wa vifaa nikaenda uwanjani. Mlinzi wa getini akanizuia, akasema ana amri, haingii mtu chini ya jukwaa, na hasa mtu wa tawi. Nikazunguka nyuma, nikapenya kwenye seng'enge kama kuku mwizi, nikafika vyooni.

Mvua za mwaka huu zilikuwa zimeiumbua rangi yangu. Bati lilikuwa limeachana na nguzo, puti imepasuka, na kutu ilikuwa imechuruzika mpaka chini ikapaka sakafu wekundu. Niliingiza dole gumba kwenye ufa likapotea lote. Nilipolitoa, kipande cha chuma kikatoka nacho, nikakivunja kwa vidole viwili kama biskuti. Nikakaa chini palepale penye mkojo wa watu. Akilini nilimwona mwanangu juu ya kichwa changu, na fimbo zake mbili, na watu elfu moja wanaruka.

Nikatoka moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Mwalimu. Nilimkuta sebuleni, miwani puani, anaandika barua ya kusomea waandishi wa habari.

"Karibu, Fundi. Umekuja wakati mzuri, nimefika penye sifa zako." Akanisomea: fundi wetu, mwenye uzoefu wa miaka thelathini, amezichomelea nguzo zote nane kwa mikono yake mwenyewe, na yuko tayari kula kiapo.

Kiapo!

"Mwalimu," nikasema, "mimi nilikuwa nafikiri, labda kesho tuimbe tu. Tukae jukwaa la magharibi, tuimbe. Mtikiso wa nini?"

Akavua miwani taratibu. "Umeongea na nani?"

"Sijaongea na mtu."

"Wamekuita ofisini?"

"Mwalimu, ningeitwa ningekwambia."

"Maana tumesikia wanawaita watu mmoja mmoja, wanawapa tiketi za msimu mzima, wanarudi huku wameshabadilika lugha." Aliniangalia vile alivyokuwa akiwaangalia watoto walioibia mtihani. "Fundi, wewe ndiye ushahidi wetu. Wewe ukiyumba, uwanja umekwenda."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikanywa chai yake, nikamwambia ni uchovu tu, nikaaga. Njiani nilijitukana matusi yote ninayoyajua, na mimi najua mengi.

Jumamosi asubuhi nilijaribu njia ya mwoga. Radi alikuwa amekaa kizingitini anafunga fimbo zake kwa kitambaa cha bluu. Nikamwambia leo asiende, mama yake anamhitaji.

"Mimi?" mke wangu akauliza kutoka jikoni. "Namhitaji wa nini? Hebu niacheni."

"Basi usiende kwa sababu nimesema mimi."

"Baba, una nini tangu juzi?" Radi aliniangalia. "Hata chakula huli."

"Lile jukwaa si zuri."

"Kasema nani?"

"Wahandisi wamesema."

Alicheka, si kwa dharau, kwa mapenzi kabisa, akanipangusa kola ya shati. "Hata wewe, baba? Wewe ndiye uliyelijenga upya. Kama wewe huliamini, sisi tuamini nini?" Akachukua ngoma yake akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni na mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia palepale. Niliogopa jukwaa lisije likaanguka, na niliogopa mwanangu asije akanidharau, na hizo hofu mbili zilikuwa zinavutana ndani yangu sawasawa. Ya pili ilinishika nusu saa nzima. Halafu nikasikia, kwa mbali, mashabiki wanapita barabarani wanaimba, nikaanza kukimbia.

Nilipofika, kamba ilikuwa imeshakatwa. Jukwaa la mashariki lilikuwa bluu kutoka chini mpaka juu, hata ngazi zimejaa. Ng'ambo, upande wa magharibi, Mwenyekiti alikuwa amesimama na wachezaji wapya kwenye mstari, askari wachache na waandishi wa habari, wote wamegeuka wanatutazama sisi. Yule beki mrefu alikuwa amevaa jezi mpya yenye mikunjo ya kiwandani. Na kule juu konani nikamwona Radi, ngoma imemkaa tumboni, na pembeni yake Shemeji na mwili wake wote ule.

Nilipanda kupitia katikati. Watu walinipisha, wakanipiga mgongoni. "Fundi huyo! Fundi kafika!" Kila hatua nilikuwa nahesabu ni chuma gani kiko chini yake. Mwalimu alikuwa safu ya kati na kipaza sauti cha mkononi, anamalizia barua yake. Alipofika kwenye jina langu akanivuta bega, na watu wakashangilia. Nikampokonya kipaza sauti.

"Nisikilizeni!" Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Teremkeni. Tafadhali teremkeni wote. Nguzo ya kona imeoza. Naijua kwa sababu niliifunika mimi mwenyewe kwa bati na puti. Sikuitengeneza. Niliwadanganya."

Waliokuwa karibu walitazamana. Nikadhani nimesikika. Kisha mtu akapiga kelele kutoka chini, "Amelishwa!"

"Kalishwa! Msaliti!"

"Bei gani, Fundi? Wamekupa bei gani?"

Nilirushiwa chupa ya maji ikanipata shavuni. Mwalimu alinitazama kwa huzuni tupu, akasema polepole, "Nilijua. Jana nilijua," na akanyoosha mkono nimrudishie kipaza sauti chake. Sikumrudishia. Nilianza kuwaapia: kwa mama yangu, kwa macho yangu, kwa mtoto wangu yule pale juu. Jinsi nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kunizomea. Ndipo nilipoelewa balaa nililojitengenezea. Watu hawa waliiamini kazi yangu kuliko mdomo wangu.

Nikaacha kuongea nao. Nikageukia kona. "Radi," nikasema kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote, "mwanangu, usipige."

Alikuwa ameshainua fimbo. Uso wake siusahau. Alinitazama mimi, akatazama chini kwenye miguu yake, akanitazama tena. Watu walikuwa wanampigia kelele, piga, piga, piga. Alishusha mikono, akaweka fimbo zote mbili juu ya ngozi ya ngoma, akafunga mikono kifuani.

Nilifikiri yamekwisha. Bila ngoma hakuna Mtikiso, ndivyo ilivyo tangu tuzaliwe. Lakini hasira ni kitu kingine. Mtu mmoja akapiga makofi, pa, wengine wakapokea, pa, na la tatu likapigwa na jukwaa zima, na wote wakaruka.

Mimi na Radi tu tulibaki chini. Kwa muda ule mfupi wengine wote walikuwa hewani na mimi nimeshika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Walipotua, chuma kililia. Wote tunakijua kishindo cha Mtikiso. Hiki hakikuwa hicho. Ulikuwa mlio mrefu, kama mtu anakokota kitanda cha chuma sakafuni, na kona nzima ya juu ikashuka kiasi cha kiganja. Ikasimama. Vumbi jekundu likatoka chini ya ubao.

Hapo ndipo mayowe yalipoanza. Watu wakageuka kukimbilia ngazi, na ngazi ya karibu na wengi ilikuwa ile ya konani, inayopita palepale juu ya nguzo ya nane. Niliona kundi linaelemea kule. Nilipiga kelele, hakuna aliyenisikia, maana kipaza sauti kilikuwa kimenidondoka. Nilijua sasa basi, ndiyo imetoka hiyo.

Ngoma ikalia mara moja.

Pigo moja, zito. Na watu elfu moja na zaidi, wenye roho mkononi, wakafunga midomo na kusimama kila mmoja alipo. Hawakufikiri; miili yao ndiyo iliyotii, kama inavyotii kwenye penalti. Ungeweza kusikia bendera inapigwa na upepo.

"Baba," Radi akasema kule juu, bila kupaza sauti. "Sasa tufanye nini? Sema wewe."

Nikaokota kipaza sauti. Kazi ni kazi, na hii nilikuwa naijua. Nikawaambia waliopo upande wa pili washuke ngazi ya mbali, wakitembea, wasishikane. Waliopo katikati waruke ukuta wa mbele, waingie uwanjani. Ngazi ya konani asiikanyage mtu. Na wale wa konani, kama watu sitini, wasimame kwanza, halafu waje kwangu mmoja mmoja, kila mtu asubiri pigo la ngoma. Pigo moja, mtu mmoja.

Wakaanza. Pigo, mama mmoja na mtandio wake mkononi. Pigo, kijana analia bila sauti. Kila mtu akiondoka, ubao ulipumua na chuma kikalalamika kidogo. Pale chini, ukuta wa mbele ni mrefu kwa wazee na watoto, na aliyekuwa anawapokea ni yule beki mpya. Alikuwa amevuka uwanja mzima mbio, kapiga goti lake bovu kwenye nyasi, bega kalifanya ngazi, anawateremsha mmoja baada ya mwingine. Wale waliomcheka Jumatano walikanyaga bega lake wakashuka.

Ilipofika zamu ya Shemeji, alikataa.

"Mimi mzito," aliniambia kwa sauti ya chini kutoka konani, midomo imekuwa ya majivu. "Nikisogea itaanguka. Watoe wengine kwanza."

"Shemeji, njoo."

"Nakwambia mimi mzito, wewe huoni?"

"Maisha yako yote umekataa kuambiwa mnene, leo ndiyo unakubali? Njoo hapa!"

Akaja. Alitembea kwa vidole vya miguu, mtu wa kilo zaidi ya mia, akanipita bila kuniangalia, na jasho lake likanidondokea mkononi.

Akabaki Radi. Nilikuwa nimemwambia mara tatu ashuke, na mara tatu alitikisa kichwa, maana ngoma ikinyamaza watu wangekimbia. Sasa hakukuwa na mtu wa kupigiwa. Tulikuwa wawili kwenye jukwaa lote, yeye juu na mimi safu kumi chini yake.

"Iache ngoma," nilimwambia.

Hakuiacha. Aliinama, akajifunga mkanda wake vizuri, akaanza kushuka safu moja moja. Safu ya tatu ubao ulipasuka chini ya mguu wake wa kushoto, mguu ukazama mpaka gotini. Nilisikia sauti inatoka kwangu, sijui ilisema nini. Akauchomoa mguu, damu inatiririka, akaja. Nilipomshika mkono niliushika kwa nguvu mpaka akasema namuumiza.

Tulikuwa tumefika kwenye nyasi, hatua ishirini hivi, nguzo ya nane iliposalimu amri. Kona iliinama, ikalala juu ya vyoo, na mbao za viti zikamwagika pale pale alipokuwa amesimama Radi. Haikuchukua muda hata wa kusema neno moja. Kisha likabaki vumbi, na watu zaidi ya elfu wamesimama katikati ya uwanja, wazima.

Hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti na wahandisi wake walikuwa wamesimama ng'ambo wamekumbatia mafaili. Tulijua wote kwamba uwanja umekwenda, na kwamba hakuna wa kubishana naye tena. Mwalimu alinijia akitembea kama mzee kweli, barua yake imekunjwa kwenye ngumi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mechi ya watani. Ya mwaka jana."

Nilitegemea anitukane au anipige, na ningempa shavu. Lakini yeye alimtazama Radi, akainamisha kichwa, akaondoka. Radi alikuwa amekaa kwenye nyasi, Shemeji anamfunga mguu kwa lile shuka la kunyolea ambalo sijui alikuja nalo la nini. Binti yangu alikuwa amesikia yote. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu.

"Mechi za nyumbani tangu hapo zilikuwa kumi na tano," alisema. "Moja nilikuwa naumwa. Kumi na nne nilikuwa pale juu."

"Mwanangu."

"Na wewe ulikuwa unakaa wapi, baba?"

Msimu mzima nilikaa jukwaa la magharibi. Nilikuwa nawaambia watu kwamba macho yangu ni ya mchomeaji, hayawezi jua la jioni, na kule magharibi kuna kivuli. Waliniamini wote. Mimi mwenyewe niliamini, siku nyingine, kipindi cha kwanza chote. Nilikuwa namtazama kutoka kule, mdogo, mikono inapanda na kushuka, na kila Mtikiso nilikuwa naangalia chini.

"Baba, nimekuuliza."

Nikamwambia. Shemeji aliacha kufunga kitambaa, akabaki kakishika. Radi alijiinua kwa mguu mzima, nami nikanyoosha mikono nimsaidie kubeba ngoma, akaivuta upande wake.